Kupandisha kuku wa kienyeji Pemba: ujue kabla kifaranga atachukua nini kwa baba na nini kwa mama

Assalaam alaykum wafugaji wenzangu. Leo ntaandika kirefu mana suali hili nakutana nalo kila pahala, Konde, Wete, Chake, mtu kanunua jogoo mzuri mashallah, mrefu, kifua mbele, pesa katoa nyingi, alaf vifaranga wanatoka kila mmoja na sura yake na hakuna hata mmoja alofanana na baba, bas analalamika kaibiwa. Mara nyingi hajaibiwa. Kanunua sura, na sura ya jogoo inakupa nusu tu ya habari, nusu nyengine kaibeba ndani na haionekani mpaka azalishe. Kwahiyo mwongozo huu wote ni wa kitu kimoja: namna ya kumsoma kuku kwa watoto wake, sio kwa manyoya yake.

Msingi kwanza, na ntaupita haraka. Kila kuku ana jeni ndani ya mwili, yaani maagizo ya urithi yanayosema manyoya yaweje, upanga uweje, zimepangwa kwenye kromosomu (vijiuzi vidogo mno ndani ya chembe za mwili), kromosomu zenyewe kuku anazo 78 yaani jozi 39 (sisi binadamu jozi 23). Karibu kila jeni anayo nakala mbili, moja kapewa na baba moja na mama. Akija kuzaa yeye anatoa nakala moja tu kati ya zile mbili, na ipi itatoka ni bahati, nusu kwa nusu, kila yai na bahati yake. Nakala mbili zikiwa hazifanani inaweza moja kuifunika mwenzake: ile inayofunika ntaiita yenye nguvu, ile inayofunikwa ntaiita inayojificha. Inayojificha haijafa wala haijapotea, ipo, inasubiri ikutane na mwenzake wa aina ile ile ndo itoke nje. Ndo mana unaona kifaranga kafanana na bibi yake mzaa baba wakati baba mwenyewe hafanani naye hata kidogo. Aligundua mambo haya Gregor Mendel, mtawa mmoja wa mji wa Brno, kwa kupandisha njegere, akachapisha 1866 na watu hawakumjali mpaka 1900. Na wa mwanzo kuonesha kuwa sheria zile zinafanya kazi kwa wanyama pia alikuwa William Bateson, Muingereza, 1902, na alitumia nini? Kuku. Upanga wa kichwani. Kwahiyo kuku wako hapo uani ni somo kamili, huna haja ya maabara.

HATUA YA 1: Chagua kitu kimoja tu cha kufuatilia

Usianze na "nataka kuku mkubwa anaetaga sana asieumwa", hapo umetaka mambo kumi na utachanganyikiwa. Anza na kitu kinachoonekana kwa macho na kinachoendeshwa na jeni moja. Kwenye kuku wetu wapo tele. Kuna kishingo, yule wa shingo tupu. Kuna kidimu, yule wa manyoya yaliyogeuka kinyume kama kapigwa na upepo wa kaskazi. Kuna upanga, wengine umesimama mmoja wenye meno meno, wengine ni mdogo umebana chini kwenye kichwa kama wa kuchi wengi (kuchi ni wale kuku warefu wanaopiganishwa). Kuna rangi ya miguu, myeupe au manjano. Kuna wenye miguu mifupi wanaotembea tumbo linakaribia chini. Chagua kimoja, ukikifahamu hicho vyengine vitakuja vyenyewe.

HATUA YA 2: Hakikisha unamjua baba

Hapa ndo wengi wanaharibu kazi yote. Kuku akipandwa anaihifadhi mbegu ya jogoo tumboni na inaendelea kurutubisha mayai kwa wiki 2, hata kufika 3. Maana yake ukimleta jogoo mpya leo na ukaanza kuweka mayai ya keshokutwa, vifaranga wengine bado ni wa jogoo wa zamani, au wa jogoo wa jirani alieruka ua, na utamlaumu asiehusika. Kwahiyo: watetea wako watenge kwenye banda lao, bila jogoo yeyote, wiki 3 kamili. Ndo umtie jogoo unaemtaka. Mpe wiki moja, alaf anza kukusanya mayai. Jogoo mmoja kwa watetea 8 mpaka 10 inatosha, ukiwa na wawili watatu tu pia sawa lakini atawasumbua, watamalizika manyoya ya mgongoni.

Na wala usiamini ile habari kuwa mtetea akishapandwa na jogoo mbaya "kaharibika damu" maisha. Haipo. Wiki 3 zikipita yule wa mwanzo kaondoka kabisa, hakuacha kitu.

Mayai yasikae zaidi ya wiki moja kabla ya kuatamiwa, yaweke pahala pa baridi, ncha chini. Andika kwa penseli juu ya yai jina la mama. Ndio, kila kuku mpe jina au namba, mana usipojua yai la nani utabaki unakisia. Wakishatoka, siku ya 21, wafunge mguuni zile plastiki za kufungia nyaya za umeme, rangi tofauti kwa kila mama, zinauzwa rahisi tu maduka ya umeme, lakini usikaze na kila wiki tizama mana mguu unakua na plastiki haikui, itamkata. Na daftari. La skuli la mtoto linatosha.

HATUA YA 3: Chora kiboksi

Chukua karatasi, chora mraba, ugawe vyumba vinne. Juu andika nakala mbili za baba, pembeni nakala mbili za mama, kila chumba kijaze moja ya juu na moja ya pembeni. Vyumba vinne hivyo ndo watoto wanaowezekana, kila chumba ni robo. Tufanye na kishingo, mana kishingo ni mwepesi kusoma kuliko wote.

Jeni ya kishingo tuiite K, ya shingo ya kawaida tuiite s. Kuku mwenye K mbili shingo yake tupu kabisa, nyekundu, imebaki ngozi. Mwenye K moja na s moja naye kishingo, ila chini ya shingo kwa mbele ana kifundo cha manyoya, kishada hivi. Mwenye s mbili shingo kawaida. Umeona uzuri wake? Hapa hakuna kujificha kuzima, ukimtizama tu unajua kabeba nini. Sasa hesabu:

Kishingo mtupu na kawaida: vyumba vyote vinne ni Ks, kwahiyo vifaranga wote wana kishada. Wote. Kishingo wa kishada na kawaida: nusu kishada, nusu kawaida. Kishada na kishada: robo shingo tupu, nusu kishada, robo kawaida. Na hapo kwenye robo ya mwisho ndo watu hushangaa, baba kishingo mama kishingo kifaranga katoka na shingo imejaa manyoya, alaf wanaanza kumtuhumu jogoo wa jirani. Jirani hana kosa maskini.

Lakini robo sio ahadi. Ukitotoa 8 usitegemee wawili wawili kamili, unaweza kupata wanne au usipate hata mmoja, ni bahati kwa kila yai. Totoa wengi ndo hesabu inakaa sawa.

Mimi napenda vishingo na nawatetea kila siku ingawa watu wanawaona wabaya. Manyoya yao ni pungufu mwili mzima sio shingoni tu, joto linatoka kirahisi, na kwa jua letu na unyevu wetu huu kuku anaehema kila mchana hali, na asiekula hakui. Kifaranga unamtambua siku ile ile anapotoka kwenye ganda. Ukitaka kubadilisha banda zima kuwa vishingo tafuta jogoo mtupu wa shingo, mmoja tu, na mzunguko wa mwanzo umeshamaliza.

Kidimu yeye mtizame kwa uangalifu. Jeni yake nayo ni hivyo hivyo, nakala moja inampa manyoya yaliyojikunja uzuri, yule mnaemuona barabarani. Ila nakala mbili zikikutana manyoya yanakuwa membamba mno, yanavunjika, kuku anabaki kama kanyonyolewa, na masika ikishuka anatetemeka na hufa mapema. Kwahiyo kidimu kwa kidimu USIPANDISHE, robo ya watoto utawatesa bure. Mpandishe kidimu na kuku wa kawaida, utapata nusu vidimu nusu kawaida na wote wazima.

Wa miguu mifupi ndo kali zaidi. Nakala moja inafupisha miguu, nakala mbili zinaua, kiinitete kinakufa ndani ya yai siku za mwanzo kabisa, ya 3 au ya 4. Ukipandisha mifupi kwa mifupi robo ya mayai hayatoki. Mtu anasema mayai viza, mtetea hakulalia vizuri, kuna jicho. Siku ya 7 usiku chukua yai, limulike na tochi ya simu: lisilo na kitu kabisa, jeupe, hilo halikurutubishwa. Lenye duara la damu limesimama bila mishipa kutawanyika, hilo lilirutubishwa likafa. Ukiyaona mengi ya aina ya pili na wazazi wote wawili ni mifupi, umeshapata jawabu. Na wale wanaotoka, kati ya kila watatu kwa wastani wawili mifupi mmoja mrefu.

HATUA YA 4: Mjaribu jogoo kabla hujamuamini

Upanga ule mdogo wa kubana ni jeni yenye nguvu kweli kweli, inaufunika upanga wa kusimama. Jogoo anaweza kuwa na nakala mbili za kubana, au moja ya kubana na moja ya kusimama imejificha, na kwa macho ni shida kutofautisha. Sasa muuzaji anakwambia "huyu safi, kuchi asilia, babu yake na babu yake". Sawa, mpe kikombe cha kahawa, alaf fanya hivi.

Mpandishe na watetea wenye upanga wa kusimama, maana hawa wana nakala mbili za kusimama, hawana cha kuficha. Ikiwa jogoo kaficha, kila kifaranga ana nusu ya bahati kutoka na upanga wa kusimama. Akitoka mmoja tu, mmoja, kesi imekwisha, jogoo sio safi. Wakitoka 7 wote wa kubana, uwezekano kuwa kaficha na kapona kwa bahati ni 1 kati ya 128. Wakitoka 10, ni 1 kati ya 1024. Mimi kwa 7 naridhika. Kifaranga wa siku moja mtizame juu ya pua, wa kusimama ana mstari mmoja mwembamba, wa kubana ana mistari mitatu midogo imelala pamoja, tumia mwanga mzuri na kama macho yashachoka muite mtoto atizame.

Njia hii inafaa kwa kitu chochote kinachojificha. Mpandishe unaemshuku na aliefunuka kabisa, uhesabu watoto.

Kuhusu kuchi niseme moja: watu wanamtaka kwa urefu na bei. Kumpiganisha mimi sisemi nalo, ni mateso kwa kiumbe na dini yetu inajulikana inasema nini. Ila damu yake kwenye kuku wa nyama ni nzuri, mwili unapanda. Mayai usimtegemee.

HATUA YA 5: Tofautisha alichorithi na alicholishwa

Miguu ya manjano ni jeni inayojificha, inahitaji nakala mbili. Manjano kwa manjano watoto wote wanatoka manjano. Myeupe kwa myeupe unaweza ukapata wa manjano akitoka robo, ikiwa wazazi wote wawili wameficha. (Wale wa miguu ya kijani au myeusi wana jeni nyengine imeongezeka juu, waache kwanza.) Jeni hii ina safari ndefu, wanasayansi waligundua 2008 kuwa kuku wetu hawakuitoa kwa yule kuku wa mwitu mwekundu ambae ndie babu yao mkubwa, waliichukua kwa kuku wa mwitu wa kijivu wa India.

Ila sasa sikiliza. Kuku mwenye nakala mbili za manjano anaweza akaonekana miguu imepauka na ukamuandika myeupe. Kwasababu jeni haitii rangi, inampa ruhusa tu ya kuihifadhi ngozini, rangi yenyewe inatoka kwenye chakula: majani mabichi, mahindi ya manjano, pilipili. Ukimfungia ndani ukamlisha pumba na machicha ya nazi tu hana pa kuitoa. Na mtetea anaetaga sana rangi yake inahamia kwenye kiini cha yai, midomo na miguu inapauka pole pole, tena hiyo ni dalili nzuri, mpauko unamaanisha anafanya kazi. Kwahiyo kabla hujaandika rangi ya miguu kwenye daftari mwache ale majani wiki kadhaa, na mtizame kabla hajaanza kutaga.

Hivyo hivyo ukubwa. Pora aliekulia na minyoo na kideri kimempitia atabaki mdogo hata kama baba yake ni mnyama mkubwa, lakini jeni kabeba za ukubwa na watoto wake wakilishwa vizuri watakushangaza. Na kinyume chake, jogoo aliejazwa dagaa na pumba nzuri anang'aa sokoni, watoto wake wanarithi jeni, hawarithi dagaa. Ukitaka kulinganisha kuku wawili wawe wametotolewa wakati mmoja, banda moja, chakula kimoja. Vyenginevyo unalinganisha mifuko ya wenye kuku.

HATUA YA 6: Jike na dume

Kwa binadamu baba ndie anaeamua mtoto wa kike au wa kiume, ana kromosomu X na Y, mama ana X mbili. (Wanaume wanaowapa talaka wake zao kwa kuzaa wasichana watupu wasome tena hapo.) Kwa kuku ni kinyume, na kromosomu zao hizo zinaitwa Z na W, jogoo ana Z mbili, mtetea ana Z na W, kwahiyo mama ndie anaeamua. Na anaamua kabla ganda halijatengenezwa, ile ya kusema yai refu la ncha ni jogoo na la duara ni tembe haina ukweli.

Faida yake ni hii. Jeni ya mistari myeupe na myeusi inayokatiza manyoya mwili mzima imekaa juu ya Z na ni yenye nguvu. Mama Z yake moja anampa mtoto wa kiume tu. Chukua mtetea wa mistari, mpandishe na jogoo mweusi asie na mistari: watoto wote wa kiume wanakuwa na mistari, wa kike wote weusi watupu. Na siku ya kutoka tu, wa kiume anakuwa mweusi na doa jeupe juu ya kichwa, wa kike hana. Umeshawatenga majogoo na matembe siku ya mwanzo, bila kusubiri miezi. Geuza, baba wa mistari mama mweusi, haifanyi kazi. Na kuku wa madoa madoa yale ya kanga sio hii, hiyo ni jeni nyengine usichanganye.

HATUA YA 7: Mayai na uzito

Hapa kiboksi hakikusaidii, mana mambo haya yanaendeshwa na jeni nyingi, kila moja inachangia kidogo. Uzito unarithika vizuri, ukichagua wakubwa mfululizo vizazi vitatu vinne utaona tofauti. Idadi ya mayai inarithika kidogo tu, chakula na mwanga na afya vina nguvu zaidi, kwahiyo usikate tamaa mapema. Na jogoo hatagi lakini kabeba nusu ya jeni za utagaji za binti zake, watu wanamsahau. Usichague jogoo kwa sauti na mkia, chagua pora aliezaliwa na mtetea wako bora, yule anaetaga mfululizo na kutotoa na kulea. Daftari ndo litakwambia ni yupi.

Wale Kuroiler na Sasso wanaoletwa ni chotara, wametengenezwa kwa kukutanisha koo tofauti za kuku. Wenyewe wazuri. Ukiwazalisha wao kwa wao watoto wanatawanyika, huyu mkubwa huyu mdogo, ule ubora wa mwanzo unapungua. Wafuge ule au uuze, mbegu usitegemee humo.

HATUA YA 8: Damu moja

Jogoo mmoja akikaa miaka, anapanda binti zake, alaf wajukuu. Kila mtu ana kitu kibaya kilichojificha, na ndugu wanaficha vitu vile vile, kwahiyo wakikutana vinatoka: mayai hayatotoi, vifaranga dhaifu, midomo imepinda. Baba na binti, au kaka na dada, mtoto wao ana robo ya uwezekano kuwa nakala zake mbili za jeni yoyote zimetoka pahala pamoja. Kisiwa chetu kidogo na vijiji vimejifungia, mtu ananunua jogoo kwa jirani bila kujua na jirani alinunua kwake mwaka juzi.

Kwahiyo badilishaneni majogoo kila mwaka, na mtoke mbali, wa Micheweni atafute Mkoani au Kengeja, alieko Unguja asichukue wa mtaa wake. Muulize mwenyewe mama yake yuko wapi, na kama yupo mtizame mama kwanza. Akifika kwako mweke peke yake wiki 2, banda mbali, muangalie macho na kinyesi, apate chanjo ya kideri kama hana (ile ya matone ya jicho, inarudiwa kila miezi 3). Na wakati huo huo wa kumtenga tayari watetea watoe kwa jogoo wa zamani, ili zile wiki 3 zianze kuhesabika.